Tohara ya ulimi na mkono: kisa cha barua kutoka Ujiji

Mwaka jana baada ya arobaini ya bibi yetu mzaa mama kule Ujiji, wanawake wa nyumba walifungua sanduku lake la mbao, lile la misumari ya shaba ambalo tangu tuko watoto lilikaa chini ya kitanda na hakuna aliyethubutu kuligusa. Kanga zikagawiwa, chetezo cha udi kikaenda kwa mama mdogo, na chini kabisa ikatoka barua moja imekunjwa mara nne, imeandikwa kwa Kiswahili lakini herufi ni za Kiarabu, kama walivyokuwa wanaandika wazee wa zamani. Mdogo wangu, binti wa huyo mama mdogo, ambaye ni nesi hapa Tabora, akaipiga picha kwa simu akaituma kwenye grupu la WhatsApp la ukoo. Siku tatu baadaye hakuna aliyekuwa analala vizuri kwenye ukoo ule.

Nimeomba ruhusa kwa mama na kwa huyo mdogo wangu nikiandike kisa hiki chote, bila majina, kwa sababu chanzo chake ni neno moja tu, tohara, na naona tunalitumia kila siku bila kujua lilikuwa linabeba nini kabla halijafika kwenye mabango ya hospitali.

Barua iliandikwa miaka ya hamsini na baba yake bibi, mzee wa Ujiji, kwenda kwa ami yake babu hapa Tabora, kujibu posa. Bibi akaolewa akaja kukaa Tabora, akazaa, mume alipofariki akarudi kwao Ujiji na watoto wake na barua yake. Sasa kwenye ukoo wetu wa leo wanaojua herufi za Kiarabu ni wa kuhesabu, na hao nao wamezoea kusoma Msahafu, sio Kiswahili cha mkono kilichoandikwa haraka haraka bila irabu. Kwa hiyo ile picha ilipelekwa kwa ustadhi mmoja kijana hapahapa Tabora, akakaa nayo usiku mmoja, asubuhi akatuma maneno yameshaandikwa kwa herufi zetu za kawaida. Mwanzo ni salamu za Kiarabu kama kawaida ya barua zile, halafu inakuja hivi:

"Ama baad, posa yenu imetufikia na tumeridhia. Mtoto huyu nimemlea katika tohara, nami nawakabidhi kama amana. Mkimwona na kosa mrudisheni kwangu, msimpige."

Mimi niliposoma macho yaliganda kwenye "msimpige". Mzee wa miaka ile, anaandikia wakwe, anaweka sharti hilo. Nikawa nimeshaanza kuandika kwenye grupu kwamba jamani oneni babu yetu alivyokuwa, kabla sijamaliza ukaingia ujumbe wa mdogo wangu nesi: "Jamani, kwa hiyo bibi alikeketwa?"

Basi. Mama akanipigia simu analia, hataki kusema analia nini. Mjomba mkubwa akaandika kwamba maiti hasemwi hivyo, akajitoa kwenye grupu. Shangazi mmoja akasema hata kama ni kweli lilikuwa jambo la zamani liachwe, mwingine akamjibu kwamba haliwezi kuachwa maana ndio hayohayo yanaendelea mpaka leo sehemu nyingine. Mdogo wangu hakunyamaza, na siwezi kumlaumu, yeye kazi yake ni kutetea watoto wa kike, ana watu anaowafundisha, na wiki mbili mbele alikuwa na semina ambayo alishapanga kusimama na kusema hata kwetu limetokea, hata bibi yangu mwenyewe. Aliniambia kwenye simu, kaka, mimi nimekaa miaka yote nawaambia watu hii mila sio ya kwetu, kumbe bibi yangu aliyenilea aliipitia na hakuwahi kunyanyua mdomo, unajua ninavyojisikia? Nikamwambia nipe wiki moja. Akasema nakupa, lakini kama ni kweli nitasema.

Kwanza tumtendee haki, maana hakusoma vibaya. Kwa Kiswahili cha leo, hasa hapa Tabora, tohara maana yake ni moja. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza tohara ya wanaume iwe moja ya njia za kupunguza maambukizi ya VVU, baada ya majaribio ya Kisumu kule Kenya, Rakai kule Uganda na Orange Farm kule Afrika Kusini kuonyesha inapunguza hatari ya mwanaume kuambukizwa na mwanamke kwa karibu asilimia 60, na Tabora ikawa miongoni mwa mikoa iliyopewa kipaumbele kwa sababu wanaume wengi huku walikuwa hawajatahiriwa. Tangu hapo neno hili limetundikwa kwenye vituo vya afya, limetangazwa kwa spika za magari, limesemwa redioni, tohara, tohara, njoo upate tohara bure. Nesi anayelisikia hilo neno kazini kila wiki ataliona vipi kwa namna nyingine?

Halafu kuna upande wa wanawake. Kwa muda mrefu kile kitendo kilikuwa kinaitwa "tohara ya wanawake" hata kwenye semina na magazeti, mpaka wanaharakati wakalisukuma neno ukeketaji lishike nafasi, na walikuwa sahihi kabisa, kwa sababu ukiita kitendo kile tohara umeshakipamba, umeshasema aliyekatwa amesafishwa na ambaye hajakatwa ana uchafu. Sio kwetu tu, Misri na Sudani nako wengi wanakiita kwa jina linalotoka kwenye mzizi huohuo wa usafi. Kwa hiyo mdogo wangu alipoona "mtoto huyu" na "tohara" kwenye mstari mmoja, kwenye barua ya ndoa, alisoma kile ambacho mafunzo yake yote yamemwambia akisome.

Ila mimi ni mwalimu wa Kiswahili, na kuna kitu kwenye ile sentensi kilikuwa kinanikwaruza toka asubuhi ya kwanza. Kwa Kiswahili mtu anafanyiwa tohara, anapelekwa tohara, anatiwa jandoni, ni tukio, linatokea siku moja na kidonda kinapona. Halelewi ndani yake. Jaribu kusema "nimemlea katika upasuaji" uone ulimi unavyokataa. Unachoweza kulelewa "katika" ni hali, adabu, imani, dhiki, neema, uchamungu, kitu kinachokuzunguka miaka yote unapokua. Mzee aliandika "nimemlea katika", na mtu anayeandika barua ya kumtoa binti yake hachagui maneno hovyo. Nikamwambia mama hilo kwenye simu. Akaniuliza, una uhakika? Nikamwambia sina bado, ila hiyo sentensi haijakaa kama sentensi ya kukata mtu.

Kitu cha pili kilinijia darasani, naita majina ya mahudhurio, nikafika kwa kijana anaitwa Twahir. Nikasimama kidogo. Nani kwenye dunia hii alimpa mwanawe jina la Twahir kwa maana ya aliyetahiriwa? Na wasichana wanaoitwa Twahira, au Tahira, mbona hakuna mzazi aliyewahi kushtuka? Ni majina ya sifa, maana yake mtu safi, asiye na doa, na yamekaa miaka yote mbele ya macho yetu na maana ya zamani ndani yake wakati neno lenyewe limeshahama.

Tohara, twahara, tahiri, kutwaharisha, yote ni ya mzizi mmoja wa Kiarabu, herufi tatu, t ile nzito, h, na r, ambao unabeba usafi. Tahara, usafi. Tahir, aliye safi. Ile t nzito ndio iliyotupa shida ya tahajia, kwa sababu Kiswahili hakina sauti hiyo, watu wa pwani wakaisikia kama kuna w au o imejificha nyuma yake, ndio maana mmoja anaandika tohara mwingine twahara na wote wako sawa, kama vile mmoja anasema sala mwingine swala, saumu na swaumu, hadithi ni ileile ya konsonanti nzito. Kilichotokea baadaye ni kwamba matamshi yale mawili yamegawana kazi. Twahara yenye w imebaki msikitini na madrasa, tohara yenye o imekwenda hospitali. Mzee wetu aliandika kwa herufi za Kiarabu, hakuchagua w wala o, aliandika ile t nzito yake tu. Aliyechagua o ni ustadhi kijana wa Tabora mwaka jana, kwa nia njema kabisa, kwa sababu ndio tahajia iliyozoeleka.

Na kutahiri je? Kiarabu chenyewe kina neno lake maalumu la kitendo kile, ni khitani. Sisi kwa asili tuna jando. Kutahiri maana yake ya kwanza ni kusafisha, watu walikuwa wanalisitiri jambo la sehemu za siri kwa neno la heshima, "mtoto ametahiriwa", yaani amesafishwa, kama tunavyosema mtu amekwenda haja. Sitara ikazoeleka, ikakua, mwisho ikammeza mwenye nyumba.

Ambaye amepita madrasa hata mwaka mmoja anajua mlango wa kwanza wa fiqhi, yaani elimu ya sheria za dini, ni twahara, kabla hata ya swala, na mlango huo unaanza na maji, maji yapi ni safi na yanaweza kusafisha kingine, yapi ni safi lakini hayasafishi, yapi yameingia najisi. Kuna hadithi mashuhuri iliyopokewa na Imamu Muslim kwamba tohara ni nusu ya imani, wengi tumeikariri kwa neno usafi. Lakini wanazuoni hawakuishia kwenye ndoo na birika. Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, kwenye kitabu chake Ihya aliipanga twahara daraja nne. Ya kwanza kusafisha mwili na uchafu. Ya pili kusafisha viungo na madhambi, jicho, ulimi, mkono, mguu. Ya tatu kusafisha moyo na tabia mbaya kama husuda na kiburi, na ya nne ni kuisafisha siri ya ndani kabisa isibaki na kingine zaidi ya Mungu. Kwenye Qurani pia, Sura ya Baqara aya ya 222, Mungu anawapenda wanaotubia na anawapenda wanaojitwaharisha, toba na twahara zimewekwa bega kwa bega. Na nikisogea upande wa pili kidogo, Kiebrania ni ndugu wa Kiarabu na kina mzizi huohuo, tahor, na pale Daudi anapoomba kwenye Zaburi ya 51 aumbiwe moyo safi, neno alilotumia kwa moyo ule ni hilo tahor. Kwa hiyo mtu akikwambia tohara ya moyo ni lugha ya mafumbo tu, mwambie ni ya kale kweli kweli.

Nilivyomwelezea mdogo wangu haya yote, na nilimwelezea kwa saa nzima, aliniambia kitu kimoja kilichonifanya nipande treni. Alisema, kaka, sikatai, neno lilikuwa na maana hiyo, lakini lilikuwa na maana ya pili pia, na wewe huwezi kunithibitishia babu alitumia ipi. Alikuwa sahihi. Kujua neno linaweza kuwa na maana fulani hakujanipa haki ya kusema mwandishi aliikusudia. Vilevile alisema takwimu hazimsaidii, maana nilishamtajia kwamba Kigoma sio mkoa wa mila hiyo, kwamba utafiti wa afya wa 2015-16 ulikuta asilimia 10 ya wanawake wa nchi nzima ndio wamekeketwa na Manyara peke yake ilikuwa 58, Dodoma 47, huku kwetu karibu hakuna kitu. Akasema karibu hakuna kitu sio sawa na hakuna kitu, na bibi ni mtu mmoja.

Nikaenda Ujiji.

Barua ilikuwa imebaki kwa bibi mdogo, yaani mdogo wake marehemu, anakaa Kitongoni, ameshavuka miaka themanini na masikio yamechoka ila kichwa kiko sawa. Nilifika mchana wa jua kali, nikamkuta kakaa kwenye kibaraza chini ya mwembe, ile miembe ya Ujiji wenyewe wanajua. Nikamwambia shikamoo, akasema marahaba mume wangu, umekuja kunioa mwaka huu au bado unajikusanya? Ndivyo alivyo. Kajukuu kamoja kalikuwa kanacheza na miguu ya mchanga karibu na mkeka uliotandikwa pembeni, na kabla hata sijakaa bibi akakakemea, "We, toka hapo, mkeka huo una twahara yake, wa kuswalia." Nilimwangalia, yeye wala hakujua amesema kitu gani. Nimepanda treni usiku kucha kutafuta neno ambalo kwenye kibaraza kile halijawahi kufa.

Barua aliitoa kwenye mto wa kichwa. Nikaikunjua taratibu juu ya sinia lililopinduliwa. Karatasi imekuwa rangi ya chai, kwenye mikunjo imeanza kuachana, wino wa bluu uliofifia upande wa juu lakini chini bado unasomeka. Na hapa ndipo nilipoona kilichotokea. Herufi za Kiarabu zinaanza kulia zinakwenda kushoto, kwa hiyo mstari unaishia ukingo wa kushoto. Ukingo wa kushoto wa barua ile ulikuwa umejikunja wenyewe kwa upana wa vidole viwili, mkunjo wa miaka mingi, umejilaza vizuri kabisa kama vile karatasi inaishia pale. Mdogo wangu alipopiga picha hakujua kuna kitu chini yake, na kwa macho yetu sisi tuliozoea kuanza kusoma kushoto, kwenye barua ya herufi zetu ukingo ule ukikatika tungeona maana mistari yote ingekosa vichwa, lakini hapa kilichokatika ni mikia ya mistari, na mistari mingi ya mzee mkia wake ulikuwa neno moja la kuungia tu ambalo ustadhi aliliziba kwa akili bila shida. Mstari ule mmoja ndio ulikuwa na maneno manne mazima chini ya mkunjo.

Niliunyanyua mkunjo kwa ukucha nikiogopa usikatike. Mimi herufi zile nazisoma kwa kuchechemea, kwa hiyo nilisoma kwa sauti silabi moja moja, na bibi mdogo ambaye hasikii vizuri aliuliza nasema nini, nikarudia kwa nguvu: "nimemlea katika twahara ya ulimi na mkono."

Akacheka. Akasema, "Hayo si maneno ya baba? Alikuwa akisema kila siku. Mkono una twahara yake, ulimi una twahara yake, na maji ya birika hayafiki huko."

Nikawa nimekaa tu pale siongei. Ulimi na mkono, mambo ya Ghazali daraja la pili, ingawa sina ushahidi kwamba mzee aliwahi kukishika kitabu kile, pengine aliyasikia kwa walimu wake kwenye darsa za msikitini. Ujiji ilikuwa mwisho wa njia ya misafara toka Bagamoyo kupitia Tabora, Burton na Speke walipofika 1858 waliwakuta wafanyabiashara wa Kiarabu na watu wa pwani wameshatangulia, na pamoja na chumvi na nguo na pembe na watumwa, maana hilo nalo tusilifiche, njia ile ilileta walimu, vitabu na maneno. Twahara ilitembea kwa miguu mpaka ziwani. Ikabaki huku na maana yake yote wakati sehemu nyingine ikipungua.

Nilimuuliza bibi kwa nini baba yao aliona aiseme sifa ile kwenye barua ya posa. Akanisimulia kwamba dada yake akiwa msichana wa kama miaka kumi na nne alitumwa sokoni kununua mawese, muuzaji akakosea kumrudishia chenji, akampa nyingi. Kufika nyumbani akahesabu, akageuka na jua lilelile akarudisha. Muuzaji yule alikuja jioni kumwambia baba yao, na tangu siku ile baba akawa anasema huyu mkono wake una twahara. Na ulimi? Bibi mdogo akasema wao walikuwa wasichana wanne ndani ya nyumba, na siri zao zote walikuwa wanampa yeye, hakuna iliyotoka. "Mpaka leo kaondoka nazo."

Lile swali lenyewe la mdogo wangu sikuliuliza mimi. Sio swali la mjukuu wa kiume kwa bibi yake, hata awe bibi wa utani kiasi gani. Nilimwomba shangazi anayekaa naye aulize kwa wakati wake, jioni, wakiwa peke yao, na nikatoka kwenda mwaloni kuangalia dagaa wakianikwa ili nisiwe karibu. Niliporudi shangazi aliniambia kwa ufupi: wote wanne, hapana, na jambo hilo kwao halikuwepo, wala mama yao, na bibi ameshangaa sana aliyewaza hivyo ni nani. Shangazi hakumtajia.

Nikapiga picha upya, safari hii picha nne, mkunjo umefunguliwa na kubanwa na kijiko kila upande. Nilimtumia mdogo wangu peke yake kwanza, sio grupu. Hakujibu mpaka usiku. Alivyojibu aliandika, "Nimemkosea bibi." Nikamwambia hujamkosea, uliuliza swali ambalo kama jibu lake lingekuwa ndio, ilibidi liulizwe. Hapo nilimaanisha na bado namaanisha. Kwenye ukoo mwingine, kwenye mkoa mwingine, barua kama ile ingeweza kuwa na maana aliyoiogopa, na mtu wa kuiogopa alihitajika. Kosa tulilofanya sote ni kuhukumu mstari kabla ya kuona karatasi, na mimi nimo, maana siku tatu nzima nilikuwa nabishana kuhusu sarufi ya sentensi ambayo mkia wake ulikuwa umekunjwa, na sikuwahi kuuliza kama picha ni nzima.

Semina alikwenda. Habari ya bibi hakuisema. Ila ameniambia kuna kitu amebadilisha kwenye kazi yake, mama au baba akimwambia kuhusu tohara ya mtoto wa kike hashtuki tena papo hapo wala haandiki, anauliza kwanza, tohara ipi, unamaanisha nini, nieleze. Mara nyingi, anasema, ni kile anachokifikiria na anaendelea na hatua zake, kumkata mtoto wa kike ni kosa la jinai nchi hii tangu sheria ya 1998. Mara mojamoja ni mama wa Kiislamu anayeuliza binti yake aliyevunja ungo ajitwaharishe vipi akimaliza hedhi.

Kilichobaki kugombaniwa ni nakala. Mama alitaka barua ichapwe upya kwa herufi za kawaida, iwekwe fremu kila nyumba iwe na yake, na tukafika kwenye lile neno tukakwama tena. Mama mdogo alitaka tuandike "usafi wa ulimi na mkono" ili watoto waelewe. Nilikataa kidogo, usafi wa mkono kwa mtoto wa leo ni sabuni na maji tiririka. Mtu mwingine akaleta "uadilifu", neno zuri, ila hilo linatoka kwenye mizani, haki, kutoa kila mtu chake, lingefaa kwa zile chenji za mawese lakini kwa siri za wasichana wanne halifiki. Utakatifu je? Huo umeshakuwa wa watakatifu, ukimwekea binti wa Ujiji aliyekuwa anatumwa mawese unamwondoa duniani. Mimi nilitaka "twahara" yenye w, na maelezo mstari mmoja chini. Mdogo wangu nesi ndiye aliyenishangaza, alisema hapana, tuandike tohara kwa o, kama ilivyo kwenye nakala ya kwanza, na mkia wake wote, ulimi na mkono, halafu mtoto akiuliza aelezwe. Alisema akiliona kila siku ukutani na maana ile nyingine atalisikia kwa masikio mawili huko kazini.

Mama ndiye aliyeamua, ameandika tohara. Fremu yangu iko sebuleni hapa Tabora juu ya redio. Mjomba mkubwa naye fremu yake aliipokea akaitundika, na kwenye grupu bado hajarudi.